Zizi la Baba

Kila mwaka nikifika kwenye somo la nahau, hapa shuleni Bariadi ninapofundisha, natamani kengele igongwe mapema. Kuota ndoto za mchana: kutumainia yasiyowezekana. Maana yake nyepesi tu. Mimi niliisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la tano, kijijini kwetu Mwamapalala. Mwalimu alitaka mfano, na mwenzangu mmoja akanyoosha mkono: "Ni mtu anayejenga zizi na ng'ombe hana." Darasa zima likageuka kunitazama.

Alimsema baba. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu wote, lakini kila tukishavuna pamba alikata miiba mipya, akaziba zizi tupu, na jioni akalifunga lango. Alikuwa akisubiri mahari ya dada yangu. Dada mwenyewe, aliyekuwa darasa la saba, alicheka kuliko watu wote. "Baba anaota mchana," aliniambia. "Mimi nitasomea uuguzi."

Ng'ombe walikuja kweli, kumi na wanane. Baba aliwapokea akitaja rangi ya kila mmoja, machozi yanamtoka, na waliokuwa wakimcheka wakaja kunywa pombe yake. Dada akaenda kuolewa Shishiyu.

Mwaka wa pili alirudi kwa miguu, ana mimba, jicho moja limevimba hadi kuziba. Akapiga magoti mlangoni.

"Baba, naomba nibaki. Hata jikoni nitalala."

Kwetu binti akimwacha mume, mahari hurudishwa. Baba alitazama zizini, si usoni mwake. "Mwanangu, ng'ombe wameshazaa. Nitaanzaje kuwarudisha?"

Mama alikaa kimya. Nami nilikaa kimya, binti wa miaka kumi na mitatu mwenye mdomo mrefu siku nyingine zote. Sijajisamehe. Ya baba yaliwezekana. Aliyeota mchana ni dada, kudhani bado ana kwao.

Asubuhi baba alimrudisha mwenyewe. Dada hakumaliza miezi miwili, akafa na mimba yake. Msiba ulipoisha, wakwe walikuja kudai chao, kwa kuwa hakuacha mtoto. Wakaswaga ng'ombe wote, na ndama.

Msimu ule tulipomaliza kuvuna pamba, baba alichukua panga akaenda kukata miiba. Binti aliyebaki nyumbani nilikuwa mimi.