Mukima wa Langoni kwa Nyanya

Juzi, rafiki yangu, nilisimama sokoni Runyenjes mbele ya muuza miche, nikamtazama kama mtu anayeniuzia maziwa yaliyotiwa maji. Wenzangu wa kamati ya soko walikuwa wamechimba mashimo kando ya barabara, wakaniachia mimi kuchagua miti. Sharti lilikuwa moja tu: iwe ya asili ya hapa kwetu.

"Yote ni ya kienyeji, mama," akasema yule muuzaji.

Ya kienyeji! Siku hizi kila kitu ni cha kienyeji, hata kuku wa gredi.

Shaka hii niliirithi kwa nyanya. Mche ukiletwa nyumbani, aliuchunguza kama mchumba wa binti yake. Alisugua jani, akanusa, kisha akauliza, "Kwao ni wapi? Nani anawajua?" Sisi wajukuu tulikuwa tumeinamia magugu kwenye kahawa, harufu ya githeri ikitufuata kutoka jikoni, tukicheka chini chini. Hata mwalimu wetu wa shule, nyanya alimfukuza pamoja na miche yake mara mbili.

Langoni mwake ulisimama mti mmoja tu, mukima, mrefu, wenye maua ya rangi ya machungwa. Hapo ndipo alipokaa akichambua maharagwe kila alasiri. Mimi ningehitaji ushahidi gani tena? Nikawaambia wenzangu tupande mukima, na asiniulize mtu.

Jirani yangu, aliyefanya kazi ya misitu hadi akastaafu, alicheka akashika mbavu. "Mukima? Huo uliletwa na wazungu kutoka Australia. Sisi tumeuzoea tu, tukaupa jina."

Nilimshuku yeye pia. Ananichezea shere, nikasema. Nikampigia simu shangazi, dada yake baba, nikijua ataniunga mkono.

"Ni kweli," akasema. "Hapo langoni palikuwa na muringa, mti wa asili wa hapa kwetu. Babu yako aliukata apate mbao za milango, na hakumuuliza mama. Alipomwona analia, akampandia mukima. Mama hakuupenda hata siku moja."

Weee! Nilikaa kitako.

Kwenye mashimo tumepanda muringa, na jirani ameridhika. Nyumba ya nyanya ilishabomolewa, na milango ile sijui iliishia kwa nani. Lakini kinachoniuma ni kingine. Nikitoka shule, kila jioni, nilikuwa namkumbatia na kumwambia, "Nyanya, hakuna mti mzuri kama huu wako." Naye alinijibu, "Asante, mwanangu."