Vita vya Kuigiza Ufukweni Ujiji

Mwanangu, ile siku ya vita vya kuigiza pale ufukweni Ujiji bado naikumbuka. Ilikuwa miaka ya wakimbizi wa vita, mitumbwi ikivuka ziwa kutoka Kongo kila wiki.

Watu wa sinema walinipa kazi ya kukusanya wapiganaji. Jeshi la sinema, nikueleze, hutengenezwa hivi: tulikuwa arobaini tu, hata sisi wasichana tukavalishwa magwanda ya jeshi, maana kwa mbali hatungetambulika. Tulikimbia mbele ya kamera, tukazungukia nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, tukabadili kofia, tukakimbia tena. Kwenye picha tungekuwa mia nne. Matairi yalichomwa yatoe moshi, na baruti ikafukiwa mchangani.

Nilikuwa nimeagizwa nipite kila nyumba kutoa taarifa kwamba milipuko itakuwa ya kuigiza. Sikupita. Niliogopa watu wangejaa kuomba nafasi nilizowawekea rafiki zangu wa mtaa wa Katubuka. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Mimi janga langu niliwalisha wageni.

Baruti ilipolipuka, tulicheka. Kisha nikawaona kina mama wakimbizi waliofika mwezi uliotangulia wakitoka mbio, wakisukuma mtumbwi majini. Mama Riziki, jirani yangu kutoka Kongo, aliingia na wanawe wawili. Ziwa lilikuwa limechafuka.

"Ni mchezo! Rudini!" nilipiga kelele nikiwakimbilia. Nao wakazidi kupiga makasia.

Mvuvi mmoja mzee akanishika mkono. "We binti, vua hilo gwanda! Huoni kuwa wewe ndiwe unayewafukuza?"

Nililivua, nikabaki na khanga. Mzee akaingia mtumbwini mwake, akawafuata polepole, akiita tu, "Mama Riziki! Mama Riziki!" Wimbi liliwaficha, likawaonyesha, likawaficha tena. Sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri pale.

Walirudi wote, wamelowa. Mama Riziki akanitazama. "Dada, weye ulijua ni mchezo. Sisi nani alituambia?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu: ukitaka kupiga mshindo, hata fataki ya harusi, bisha hodi kwanza kwa yule aliyekimbia milio ya risasi. Wenzako watajua tu. Anza na mgeni. Na ukishamtisha mtu, usimkimbilie na maelezo. Ondoa kwanza kinachomtisha. Utakosea, kila kijana hukosea, ila unaweza kujifunza mapema kuliko mimi.

Mungu akupe ulimi usiochelewa kuonya, na kila anayeishi karibu nawe apate usingizi.