Sauti Ndani ya Spika ya Kaka Deo

Ipo jioni moja ya kiangazi ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa hapa Usevya, miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kaka yangu Deo alikuwa amefariki kwa homa wiki tatu kabla. Alituachia pleya ya santuri, amplifaya na spika moja, vyote vikitumia betri ya gari.

Jioni hiyo niliweka santuri aliyoipenda. Vumbi lilikuwa limeijaa, ikawa inachachatika kama mafuta kwenye kikaango. Nikainua sindano. Muziki ukakoma, lakini spika haikunyamaza. Iliendelea kuchachatika, na ndani yake mwanamume alikuwa anaongea, polepole, kwa mbali, kama mtu aliye kisimani.

Mama aliacha kuchambua mchele. "Ni Deo," akasema. "Anatuita."

Tangu hapo, kila jua likizama, sauti ilikuja. Mama alikaa mbele ya spika mpaka chakula kikapoa. Nami nilitaka nionekane ninamwelewa marehemu. Siku ya nne nikasema nimemsikia akitaja jina: Kalunde. Bibi Kalunde alikuwa jirani yetu, mjane, ndiye aliyemletea kaka uji siku yake ya mwisho.

Maneno yale yakatoka nje ya nyumba, yakageuka kuwa Deo amemtaja mchawi aliyemuua. Wanawake wakaacha kwenda naye kisimani. Asubuhi moja mlango wake ulikutwa umepakwa majivu.

Ndipo akapita Fundi Nestori, Mrundi aliyeishi Mwese na kuzunguka vijijini kwa baiskeli akitengeneza redio. Mama akamketisha asikilize. Akatega sikio, kisha akasema kwa upole, "Mama, huyu ni mtangazaji, anasoma bei ya kahawa. Hiki ni Kirundi, lugha ya kwetu. Hapo ametaja Uburundi."

Akatuonyesha waya mrefu wa kutoka kwenye pleya, niliokuwa nimeuzungusha ukutani. Ulikuwa unanasa redio kama antena. Akaukata ukawa mfupi, akakwangua ncha zake kwa wembe mpaka shaba ikang'aa, akazikaza. Santuri akaifuta kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu kidogo, akifuata mzunguko wa mistari yake, akaiacha ikauke kivulini. Tulipowasha tena, spika ilikuwa kimya kabisa.

Mama akamtazama. "Umenizikia mwanangu mara ya pili," akasema.

Nilikimbia kwa Bibi Kalunde. Ua ulikuwa umefagiwa, mafiga yamepoa. Kesho yake nikamkuta kijiji cha Kasansa, kwa binti yake, nikapiga magoti nikamweleza yote. Alinipa maji ya kunywa. "Nimekusikia, mjukuu wangu," akasema. "Ila pale sirudi." Na kweli hakurudi.

Kwa hiyo, mwanangu, chombo chako kikikwaruza, angalia kwanza vumbi na waya. Huna haja ya kununua kitu. Kipande cha fulana ya pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa, na wembe vinatosha. Usifutie nailoni, itavuta vumbi zaidi. Na sauti usiyoielewa usiipachike jina la mtu. Sema hujaelewa, kisha mtafute anayeijua lugha yake. Mungu akuchungie mdomo wako, akujalie majirani utakaozeeka nao.