Mtoto Mmoja, Madarasa Matatu

Watoto walimwita Mama Mhuri, kwa kuwa hakuna aliyeingia shule ile ndogo ya serikali, yenye madarasa matatu tu, bila yeye kumgongea mhuri karatasi zake. Karani mkongwe, mwenye ulimi usio na breki. Siku ya ukaguzi ulimi huo haukumfaa kitu.

Shule ilikuwa imepukutika. Wenye nazo walihamishia watoto wao shule za kulipia, madawati yakabaki kukaliwa na vumbi. Ofisi ya elimu ikatoa tamko: shule ndogo zitafungwa, isipokuwa zile zenye mtoto mwenye ulemavu katika kila darasa. Pale alikuwepo mmoja tu, binti wa kaka yake Mama Mhuri, aliyetembea kwa magongo. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya mlima. Hii ikifungwa, masomo yake yangeishia hapo.

Mwalimu mkuu, ambaye zamani alimkataa mtoto huyo kwa kumwambia shangazi yake "Mama, hapa si hospitali," asubuhi ya ukaguzi alimkumbatia mtoto mbele ya walimu wote. "Malkia wetu huyu!" Kilemba cha ukoka hicho, tena kikubwa kuliko kichwa chenyewe. Kisha akaeleza mpango: mkaguzi akitoka darasa moja, mtoto apitishwe mlango wa nyuma aingie la pili, halafu la tatu.

"Mwalimu, huu ni uchafu," Mama Mhuri alisema.

"Sawa, ni uchafu. Shule ikifungwa utamsomeshea jikoni kwako? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama."

Akainama. Yeye mwenyewe ndiye aliyembadilisha mtoto sweta nyuma ya madarasa, akamfumua nywele na kumbana upya.

Katika darasa la tatu mkaguzi alisimama mbele ya mtoto yule yule. Akayatazama magongo, akamtazama usoni.

"Na wewe ni wa darasa hili?"

"Ndiyo, mwalimu. Nimehamia juzi."

Mkaguzi akatabasamu. Alijua! Alijua, na bado akasema hii ni shule ya mfano, akaenda zake ofisini kula keki. Mama Mhuri aliwaona dirishani, yeye na mwalimu mkuu, wakicheka makombo yakiwadondoka midomoni. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza jina la mtoto.

Alimkuta ameegemea ukuta wa korido, anahema, jasho linamtiririka, macho yanang'aa.

"Shangazi, tumepona?"

"Tumepona, mwanangu."

"Umenisikia nilivyosema nimehamia juzi? Sikutetemeka hata kidogo. Mwakani naweza hata madarasa manne."

Mtoto alisubiri kusifiwa. Mama Mhuri akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia chooni kutapika.