Tambara Ndani ya Usukani

Leo nimegundua usukani wa gari langu hauna mfuko wa hewa.

Nilikuwa Kawangware kutengeneza honi tu. Fundi Wanjiru akafungua usukani, akaniita. Mahali pa ule mfuko unaofutuka kumkinga dereva gari likigonga, palikuwa na tambara la oili.

"Nani hukutengenezea hii gari?"

Ouma wa Kibera. Miaka tisa. Nilimsimamia harusi.

Mwezi uliopita taa ya mfuko iliwaka kwenye dashibodi. Nikampelekea gari, likarudi taa imezimika.

Leo, palepale kwa Wanjiru, nikampigia Ouma simu.

"Buda, si ulisema taa inakusumbua? Nilizima."

"Na mfuko?"

"Kuna mtu aliuhitaji. Wewe huendesha polepole."

Siku hizi kuna magari yanayofunga breki yenyewe. Langu lina tambara.

Nani mwingine alizimiwa taa akashukuru? Fungueni usukani, mniambie.

Jumamosi Ouma alimfundisha binti yangu kuendesha gari hilohilo. Ouma alikaa kando yake, kiti cha abiria.

Wanjiru amekagua upande huo pia. Mfuko upo.