Mteremko Uliosiribwa kama Sakafu

Mdachi wa boma aliletewa baiskeli, na tangu siku hiyo mlima wetu mzima ukaonekana una makosa. Njia inayotoka misheni huku juu kushuka sokoni Morogoro ilikuwa na ngazi pale kwenye mteremko mkali. Kina mama walizichimba wenyewe baada ya bibi yangu kuteleza hapo akaumia nyonga, akalala ndani mavuno mazima. Waliziwekea magogo, ili mwenye tenga kichwani apate pa kukanyaga. Basi Mdachi akaamuru: ngazi ziondoke, njia ipanuliwe, iwe salama.

Salama kwa nani? Kwa magurudumu mawili.

Kazi alikabidhiwa akida, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, ambaye tangu azaliwe hajabeba kichwani kitu kizito kuliko kofia yake. Sisi wanafunzi tulitolewa darasani tukapewa majembe. Mwalimu akasema hilo nalo ni somo. Siku tatu tuling'oa ngazi na kushindilia udongo, akida nyuma yetu haridhiki. "Bado ina mikwaruzo! Bwana Mkubwa atasema nini?"

Mdomo wangu haujui kutulia. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo, Bwana Akida. Kwa nini tusiisiribe kabisa, kama sakafu ya nyumba? Ing'ae."

Wenzangu waliinama kuficha vicheko. Akida hakucheka. Alifikiri! Mtu huyo husiribiwa sakafu yake akiwa barazani anakunywa kahawa. Atajuaje udongo ule ukilowa unakuwaje? Kesho yake kina mama wakaitwa na vibuyu vya maji na udongo mwekundu, wakapiga magoti njiani, wakausiriba mteremko kwa viganja huku wakimtukana kwa Kiluguru na kumchekea usoni. Bibi alikuwa katikati yao.

"Nani kampa huyu akili hizi?" akauliza.

Nikatazama mawingu.

Nilicheka mpaka jioni. Halafu nikakumbuka kwamba kesho ni siku ya soko, na bibi hana njia nyingine ya kushukia na nyonga yake ile. Kicheko kikaisha.

Asubuhi manyunyu yakaanguka, kama ilivyo kawaida ya mlima. Nikatoroka shule, nikamfuata bibi na jembe begani. Tulipofika juu ya mteremko, akida alikuwa chini kabisa, amepanga watu pembeni washangilie. Nyuma yetu kengele ikalia, Mdachi akatupita juu ya baiskeli, mgongo wima kama kaburi la tajiri. Udongo ulikuwa unateleza kama mlenda. Gurudumu la mbele likaenda kulia, Mdachi kushoto, kofia ikabaki juu. Akida akapanda mbio kumwokoa. Hatua ya nne akalala kifudifudi, akateremka kwa tumbo hadi alikotoka. Askari walikuwa na viboko, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Mimi niliuma mkono wa shati.

Akida, akijiinua kwa magoti, akaona watu wanamtazama. "We bibi, shuka! Barabara nzuri hiyo, unangoja nini?"

"Nawangoja ninyi muinuke, mwanangu."

Bibi akatua tenga la maharage. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania, "lete hilo jembe."

Akakata kipandio kimoja pembeni, akakikanyaga. Akakata cha pili. Nikajitwika tenga nikamfuata, kipandio kwa kipandio, mpaka bibi akafika chini, mzima na nyonga yake.

Nyuma yetu Mdachi akapanda kufuata kofia yake, akikanyaga vipandio vya bibi, na askari nyuma yake kajitwika baiskeli kichwani. Akida akapaza sauti, "Mnaona? Ngazi za waenda kwa miguu, pembeni, kama nilivyopanga!"

Bibi hata hakugeuka. Nikataka kulitua tenga nimrudishie.

"Usilitue. Ile ya kusiriba nimeshaambiwa aliyeisema. Utalibeba kila siku ya soko, mume wangu, mpaka uoe mwingine."