Fundi Aliyekataa Kufuta Taa

Habari za msiba zilinikuta sokoni Karatu, nikichagua vitunguu. Fundi wangu wa gari, Mchagga aliyehamia kwetu miaka ya tisini na kuoa kijijini Endamarariek, amefariki kwa ugonjwa wa figo. Msomaji uliyewahi kuharibikiwa na gari njia ya Ngorongoro, huenda ulipita mikononi mwake. Magari yenye injini za kompyuta yalipoanza kutufikia, mafundi wengi waliyakwepa. Yeye aliunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia injini kwa kipande cha waya, akaketi kwenye usukani na kutazama taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka na kuzima, maana idadi ya mimweko ndiyo namba ya hitilafu. Baadaye alinunua kifaa cha kusoma namba hizo, lakini hakuacha kutukumbusha kwamba namba inakuambia uanzie wapi kutafuta. Kutafuta kwenyewe ni kazi yako.

Asubuhi moja nilikuwa gerejini kwake wakati meneja wa kampuni fulani ya utalii alipoleta gari lenye taa hiyo. Fundi alilipima, akaeleza kwamba sensa inayosoma mzunguko wa injini inakufa, na ikipata joto, injini itazimika gari likiwa linatembea.

“Wewe futa tu hiyo taa, fundi. Wageni wananisubiri hotelini.”

“Kufuta naweza, bosi, lakini ugonjwa utabaki. Subiri sensa ije kutoka Arusha.”

“Wageni hawasubiri sensa.”

“Basi wape gari jingine. Siwezi kufuta hii taa halafu dereva ashuke nalo kreta.”

Meneja alilipeleka kwa fundi mwingine, taa ikafutwa, na dereva akakabidhiwa ufunguo bila kuambiwa lolote. Alasiri hiyo, yeye na wageni wakipanda kutoka kreta ya Ngorongoro, injini ilizimika. Breki zikawa ngumu, usukani mzito, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Dereva, mtu wa Mbulu mwenye watoto wadogo, aliligongesha kwenye ukuta wa mlima. Wageni walitoka na michubuko. Yeye mguu wake ulibanwa, na hospitalini wakaukata.

Hasira yangu ilianzia hapo na haijapoa. Kampuni ilidai dereva alizembea, naye akashitakiwa angali na bandeji. Tuliojua kuhusu ile taa tulikuwa wengi pale mjini. Aliyetangulia kusimama kizimbani kutoa ushahidi ni fundi wangu. “Taa niliiona,” alisema, “na mwenye gari nilimwambia.” Dereva akaachiwa huru. Lakini tangu hapo magari ya utalii hayakuonekana tena gerejini kwa fundi, hata ya wale waliokuwa wakimsifu. Anaongea sana, walisema. Mtu aliyesema neno moja la kweli! Akafunga gereji, akahamia ukweni Endamarariek kutengeneza matrekta na pikapu za wakulima. Nilipomuuliza kama anajuta, alinitazama kama niliyemtukana.

“Nijute nini, kaka? Yule ana mguu mmoja. Mimi bado nina yote miwili.”

Na kwenye mazishi, nani alishika kipaza sauti? Meneja yule yule, na shada kubwa mkononi, akimwita marehemu nguzo ya utalii wa Karatu. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Dereva alijiinua kwa magongo, akaenda kusimama kando ya mjane mpaka hotuba ilipokwisha. Sisi wengine tuliketi kwa adabu, na adabu hiyo imenichefua kuliko hotuba yenyewe. Tumezoea kumwacha msema kweli afe njaa, kisha tunamzika kwa sifa. Nawaambia wasomaji wangu bila kuzunguka: ukimjua fundi anayekuambia usilotaka kusikia, mpelekee gari lako kesho asubuhi. Akiitwa mahakamani, nenda ukakae naye kwenye benchi. Maua ya kaburini hata meneja anayaleta.